Kikohozi cha Shangazi

Kimya alifika nyumbani mchana, saa ambayo hakuwa na kawaida ya kufika, akaketi kwenye kibao mbele ya cherehani ya mkewe bila hata salamu. Fundi alikuwa anapinda upindo wa sketi ya shule. Aliendelea kukanyaga mashine polepole akingoja mumewe aseme neno, maana bwana huyo hakupewa jina la Kimya bure. Ukimharakisha ndiyo unamfunga mdomo kabisa.

“Wanakohoa,” alisema hatimaye.

“Akina nani?”

“Sokwe. Shangazi ndiye aliyeanza. Leo asubuhi ameshindwa kupanda mti.”

Mguu wa Fundi ukasimama juu ya mashine. Nyuma ya pazia, kwenye chumba cha kulala, Kitinda, binti yao wa miaka mitano, akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha mafua ya kawaida tu, cha mtoto anayecheza na maji. Lakini wote wawili waligeuka wakalitazama pazia lile kana kwamba kuna mtu wasiyemjua amejificha huko ndani.

Kazi ya Kimya ilikuwa kuwafuata sokwe msituni tangu wanapoamka mpaka wanapojitengenezea malalo juu ya miti, ili wawazoee watu na wasiwakimbie wageni wanaokuja kuwatazama. Aliwajua mmoja mmoja. Shangazi alipewa jina hilo kwa sababu ya tabia yake ya kuwaamulia wenzake magomvi na kuwanyang'anya watoto wao awachambue chawa. Mwanawe mchanga aliitwa Kifungo, na jina hilo lilitoka kwa Fundi mwenyewe. Siku Kimya alipomsimulia jinsi kale katoto kalivyo na macho ya mviringo yanayong'aa, Fundi alicheka akasema, “Basi hayo si macho, ni vifungo vya koti.” Kesho yake jina likaingia msituni, na hata ofisini wakaliandika.

Ofisi ya hifadhi ilikuwa na sheria moja ambayo kila mtu aliijua. Mwenye kikohozi, au mwenye mgonjwa wa kikohozi nyumbani, asikanyage msituni. Na kila mtu alijua sheria ya pili, ile isiyobandikwa ukutani: asiyefika kazini siku yake hailipwi. Kwa hiyo watu walijua kumeza kikohozi.

Wiki iliyopita Kitinda alipata mafua, na baada yake Kimya akaamka koo likimkwaruza. Akakaa kitandani akisitasita. “Leo nisiende,” alisema.

“Usipokwenda tutakula nini, hewa?” Fundi alimjibu. “Koo tu hilo.” Akammiminia dawa ya kikohozi vijiko viwili, akamfunga barakoa aliyoishona kwa mkono wake, akamsukuma mlangoni kwa mzaha kama mtoto anayekataa shule.

Sasa maneno yale yalikuwa yamekaa kati yao, wala hakuna aliyetaka kuyataja.

“Mkuu wa hifadhi amesema nini?” Fundi aliuliza.

“Msitu umefungwa. Daktari wa wanyama anakuja na watu wa maabara. Watachukua sampuli kwa sokwe, halafu watupime na sisi tunaofanya kazi msituni. Sisi na watu wa nyumbani. Hata watoto.”

“Wanatafuta nini kwa watoto?”

“Wanatafuta ugonjwa umetoka kwa nani.”

“Na wanaweza kujua?”

Kimya alitazama mikono yake. “Wanasema wanaweza kujua hadi nyumba.”

Asubuhi iliyofuata wageni walianza kufungasha. Mji ule mdogo wote ulikuwa ukila kupitia sokwe. Waliokula ni wenye vyumba vya kulala wageni, waendesha bodaboda, wafua nguo, wauza vinyago, na hata Fundi, aliyeshona barakoa na mifuko ya kubebea vitu. Kwenye bomba la maji hapakuwa na habari nyingine.

Aliyesikika kuliko wote alikuwa Mama Wageni, mwenye nyumba ya kulala wageni iliyo karibu na lango la msitu. Alikuwa mwanamke wa mwili na wa sauti, na siku hiyo sauti yake ilikuwa imepanda juu zaidi.

“Vyumba vyangu vyote vitupu! Mtu mmoja, kwa ujinga wake, ametumwagia mchanga sote kwenye chakula. Mimi nikimjua, naapa, nitamtoa mji huu na godoro lake kichwani!”

Watu walicheka, lakini macho yao hayakucheka. Yalizunguka kutoka kwa mtu hadi mtu. Fundi naye akacheka, akaona amecheka kwa sauti kubwa mno, akainamia ndoo yake.

“Mama Kitinda,” jirani mmoja alimwita, “mbona mtoto simwoni siku hizi?”

“Yupo. Amelala.”

“Saa hizi?”

“Alichelewa kulala jana.”

Jirani alimtazama Fundi, halafu akamtazama Mama Wageni. Fundi akabeba ndoo ambayo haikuwa imejaa, akaondoka. Njia nzima alihisi mgongo unamuwasha, kama mtu anayengoja kutupiwa jiwe.

Alipoingia ndani alianza kukunja nguo za Kitinda na kuzitia kwenye mfuko.

“Unampeleka wapi?” Kimya aliuliza.

“Kwa dada yangu. Atakaa huko mpaka hao watu wa vipimo waondoke.”

“Mtoto ana joto, Mama Kitinda.”

“Joto litashuka. Una neno lingine lililo bora? Sema basi, nakusikiliza.”

Fundi akamnywesha mtoto dawa, akamfunga kitambaa shingoni, akachuchumaa mbele yake. “Sikiliza, mama. Tunakwenda kwa mama mkubwa. Ukisikia kikohozi kinakuja, kimeze. Umesikia? Usikitoe.”

Mtoto akaitikia kwa kichwa. Juu ya bodaboda, akiwa amebanwa kati ya dereva na mama yake, alikuwa akikaza kifua, akitetemeka, machozi yakimtiririka, na hakukohoa hata mara moja. Fundi alikisikia kila kikohozi kikipita chini ya viganja vyake na kurudi ndani.

Dada yake alikuwa kibarazani akianika nepi. Aliwapokea kwa vigelegele vya chinichini, vile vya nyumba yenye mzazi. “Karibuni, karibuni! Na wewe umepataje habari mapema hivi? Nilikuwa nataka kukupigia simu. Mwanangu amejifungua juzi. Njoo umwone mjukuu wangu, mdogo kama kiganja!”

Fundi hakuwa na habari yoyote. Alisimama pale mlangoni na mfuko wake, akatabasamu tabasamu lililomganda usoni.

Ndani kulikuwa na giza la mapazia na harufu ya sabuni ya mtoto. Mpwa wake alikuwa ameegemea mito, uso umechoka, na kifuani mwake palikuwa na kifurushi cha shuka kilichotoa uso mwekundu, uliokunjamana. Kitinda akasahau ugonjwa wake wote. Alijichomoa mkononi mwa mama yake, akakimbilia kitandani, akainama juu ya kile kichanga mpaka pua zikakaribia kugusana.

“Mdogo!” alisema kwa mshangao. Kisha kifua chake kikapanda.

Fundi alimrukia. Alimshika mkono akamvuta nyuma kwa nguvu kiasi kwamba mtoto alianguka sakafuni, na hapo vikohozi vyote alivyovimeza njiani vikatoka kwa pamoja, vikimkunja na kumkunjua. Kichanga kikashtuka kikalia.

“We! Una wazimu?” dada akafoka. “Unamvutaje mtoto hivyo?”

“Ana ugonjwa, dada.”

“Ugonjwa gani? Si kikohozi tu?”

“Ndio huo. Ndio unaowaangusha sokwe kule msituni.” Fundi alimwinua mtoto sakafuni. “Wanasema kwetu sisi ni mafua. Lakini kwa kichanga sijui. Sijui, dada. Nasikia sokwe wachanga wanahema kwa shida.”

Dada hakupiga kelele, na Fundi angependa apige. Alimfunika mjukuu wake kwa kanga, akafungua dirisha, akawaonyesha mlango kwa kidole. Nje aliwapa maji kwenye kikombe cha plastiki, akakiweka chini kwenye ngazi na kurudi nyuma hatua kadhaa kabla hawajakichukua.

“Ungeniambia pale mlangoni,” alisema. “Ulikuwa unakuja kumwacha hapa. Si ndiyo?”

Fundi aliinama akamnywesha mtoto maji.

“Mtoto wa dada yako mwenyewe ni mzazi ndani, na wewe ulikuwa unamwacha hapa ujiendee zako.”

“Sikujua kama amejifungua.”

“Na kama ungejua?”

Walipokuwa wakiondoka, Fundi aligeuka mara moja. Dada yake alikuwa amepiga magoti mlangoni, akisugua kizingiti kwa maji ya sabuni na dawa ya madoa, kwa nguvu, kama mtu anayesugua damu.

Njiani Kitinda alianza kupumua kwa haraka, mbavu zikijichora chini ya gauni. Fundi akamgusa shingo, akahisi moto. Akamwambia dereva asiende nyumbani.

“Nikupeleke wapi?”

“Kituo cha afya. Kimbia, kaka yangu. Kimbia.”

Uani mwa kituo cha afya palikuwa na hema jeupe la watu wa maabara. Ndilo alilokuwa akilikimbia tangu asubuhi. Alipita mbele yake akiwa amembeba mtoto, akasikia mtu ndani akisema, “Huyo si mke wa Kimya?” Hakugeuka.

Muuguzi alimwekea Kitinda mpira wa hewa puani na kumchoma sindano, akasema mapafu yamejaa kidogo lakini wamewahi. “Mngemkalisha nyumbani mpaka kesho, tungekuwa tunazungumza mengine,” alisema, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Daktari wa wanyama alikuja baadaye, mwanamke mwembamba mwenye matope kwenye magoti ya suruali. Alikuwa ametoka msituni. Aliomba ruhusa kabla ya kuingiza kijiti chenye pamba katika pua ya mtoto, na Fundi aliona kwamba anaomba kweli, kwamba angeweza kukataa. Akakubali. Hakuwa na nguvu tena za kukataa.

“Daktari, mnajuaje ugonjwa umetoka nyumba ipi? Mafua si mafua?”

“Kirusi kikiingia mwilini kinajinakili, mara nyingi kupita hesabu,” daktari alisema akifunga kifuniko cha kichupa. “Na kila kinaponakiliwa, hapa na pale kunatokea kosa dogo kwenye vinasaba vyake. Kosa hilo linarithiwa na vinavyofuata. Wewe ni fundi, nimeambiwa. Ukikata gauni ukakosea kidogo begani, halafu mwenzako akakata la kwake kwa kufuata lako, je?”

“Atalibeba kosa langu.”

“Na wa tatu atakayefuata lake atabeba la kwako na la mwenzako. Sisi tunasoma makosa. Tunaona nani amekata kwa kufuata nguo ya nani.”

Fundi alimtazama binti yake aliyelala kinywa wazi. “Na Shangazi anaendeleaje?”

Daktari alishangaa kusikia jina lile. Kisha akainamisha kichwa. “Amekufa leo asubuhi. Tumemkuta ameegemea mti, na mtoto bado ananyonya.”

Kimya alipopata habari hiyo alitoka nje akasimama nyuma ya nyumba, uso ukutani. Wenzake walikwenda kuchimba kaburi wakiwa wamevaa mavazi ya plastiki kutoka kichwani hadi miguuni. Yeye hakuruhusiwa. Alikuwa amewahi kukaa karibu na Shangazi siku nzima za mvua, wote wawili wakitazama maji yanavyodondoka, na sasa Shangazi alizikwa na watu ambao hawakujua kwamba hakupenda kuguswa kisogoni. Alimwambia mkewe jambo hilo moja tu, basi.

Kitinda alirudi nyumbani amekonda, lakini akidai chakula. Watu waliokuja kumpima Kimya walifanya kazi yao wakaondoka. Kisha mke na mume wakangoja. Fundi hakuwahi kujua kwamba kungoja kunaweza kuumiza mwili hivyo. Pikipiki ikipunguza mwendo mbele ya nyumba, sindano ya cherehani inakwenda kombo. Sokwe wengine wawili walikufa, mmoja mzee na mmoja mchanga, na kila kifo kiliingia mjini kabla ya adhuhuri na kuwafanya watu wazungumze kwa sauti ya chini zaidi. Vijana waliokosa wageni wa kubeba walishinda kijiweni wakiwataja wafanyakazi wa msituni mmoja baada ya mwingine, wakipima nani anafaa kuwa ndiye.

Daktari wa wanyama alikuja mwenyewe, kwa miguu. Alikaa kwenye kibao, akakataa chai, na Fundi akajua.

“Ni cha kwenu,” daktari alisema. “Nyumba nyingine tumekuta mafua pia, lakini yana alama ambazo sokwe hawana. Kirusi cha Shangazi na cha Kitinda ni kile kile. Hata mabaki ya kirusi tuliyoyapata kwa baba yake yanalingana nacho.”

Kimya alikuwa amesimama mlangoni.

“Ripoti yangu haina majina,” daktari aliendelea. “Itasema ugonjwa ulitoka kwa watu, na kwamba ukimkata mshahara mtu anayeugua, unamfundisha kujificha. Basi. Nimekuja kuwaambia ninyi kwa sababu ni haki yenu kujua. Mkiamua kunyamaza, mimi sina la kuongeza.”

“Na Kifungo?” Kimya aliuliza. Ilikuwa sauti yake ya kwanza siku hiyo.

“Amechukuliwa na kaka yake mkubwa. Anambeba mgongoni. Lakini kaka hana maziwa, na mtoto bado anakohoa. Sitakudanganya, hatujui.”

Alipoondoka, Fundi alifunga mlango. Katikati ya hofu yake kulikuwa na kitu kidogo kama nafuu, na alijionea aibu kwa kitu hicho. Hakuna majina. Wangeweza kuendelea kuishi.

Mama Wageni alikuja siku hiyo hiyo jioni. Fundi alimwona kupitia dirishani akivuka barabara, mwili wote umeelekea nyumba yao. Akafikiri daktari amesema. Akafikiri watu wengine wako nyuma yake. Akamsukuma Kitinda chumbani, alikokuwa Kimya, na kuvuta pazia.

Lakini yule mama aliingia kwa adabu, akatazama huku na huku, akauliza, “Uko peke yako?” Kisha akajiachia kwenye kibao kikalia, akafunika uso kwa upande wa mtandio na kuanza kulia bila sauti, mabega yakipanda na kushuka.

“Mama Kitinda, mimi nimekwisha. Wiki ile nilikuwa na mgeni. Alikohoa kutwa nzima, namsikia kupitia mlangoni. Nikampa kidonge. Nikamwambia akivaa barakoa hakuna atakayejua, maana angeghairi safari angetaka nimrudishie pesa yake. Akaenda msituni.” Alivuta pumzi. “Tangu siku ile silali. Napiga kelele kule bombani watu wasije wakanitazama mimi. Mumeo yuko karibu na hao wataalamu. Niambie tu kweli. Ni mimi?”

Fundi alikuwa amesimama kando ya cherehani. Ilitosha kuinua mabega tu. Ilitosha kusema, “Nani ajuaye?” na mwanamke huyu angeondoka na mzigo wote, aubebe mpaka kaburini, na mji usingetazama nyumba hii tena kamwe. Neno lilikuwa tayari limefika kooni. Akamwona dada yake amepiga magoti mlangoni, akisugua.

“Si wewe,” alisema.

“Usinifariji.”

“Sikufariji. Si wewe. Ni sisi. Kitinda aliugua, akamwambukiza baba yake. Yeye alitaka kubaki nyumbani, mimi nikamnywesha dawa nikamtoa kwa mlango huu. Wamepima. Ni kile kile.”

Mama Wageni alishusha mtandio. Machozi yalikuwa bado yanashuka, lakini uso chini yake ulianza kubadilika. Mwanzo ulifunguka kwa nafuu kama wa mtu aliyetolewa majini, halafu ukafunga. Fundi alingoja kelele.

“Mtoto amepona?” yule mama aliuliza.

“Amepona.”

Alisimama, akajifuta, akaenda zake bila kuaga. Pazia likasogea. Kimya alikuwa amesikia yote.

“Nakwenda kwa Mkuu,” alisema. “Nisije nikasikia habari hii inapita kwa watu kabla sijaisema mwenyewe.”

“Utafukuzwa.”

“Huenda.”

“Basi ngoja,” Fundi alisema, akatafuta kanga yake. “Aliyekutoa ni mimi. Twende wote.”

Mkuu aliwasikiliza, akakasirika, akasoma tena ripoti ya daktari, akakasirika upya. Hakumfukuza Kimya. Alimtoa msituni akamweka kwenye kitalu cha miche nje ya uzio, kwa ujira mdogo zaidi. Habari ilipotoka ofisini, wateja kadhaa walikuja kwa Fundi kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijashonwa, wakisema wamepata haraka. Dada hakupokea simu kwa muda, halafu siku moja akapokea, akasema kichanga hajambo, akakata. Sheria ya msituni ilibadilishwa, anayeugua akawa analipwa nusu, na watu walinung'unika kwamba nusu si kitu. Mama Wageni hakumwambia mtu, wala hakumsalimia tena Fundi bombani.

Kimya alimwagilia miche. Kila jioni Mrefu, mwenzake wa zamani, alipita kando ya uzio akitoka kazini, na Kimya, ambaye watu walimjua kwa kutokuuliza, alikuwa akimngoja pale na ndoo mkononi.

“Leo amekula tini mwenyewe,” Mrefu alimwambia siku moja akicheka. “Kifungo. Ameshuka mgongoni kwa kaka yake, akapanda, akachuma, akala.”

“Anakohoa?”

“Hakohoi.”

“Mlikuwa karibu kiasi cha kusikia?”

“Tulikuwa mbali, kama inavyotakiwa.”

“Sasa umejuaje?”

Mrefu aliacha kucheka. Walisimama pande mbili za uzio. Kisha wote wawili wakageuka, wakatega sikio upande wa miti.